Robo ya Nyumba

Barua ya halmashauri haikupita posta. Ililetwa na tarishi aliyesimama mlangoni akingoja isainiwe kwamba imepokelewa, na barua ya kusainiwa haijawahi kumletea mtu heri. Mama Kochi alifuta gundi vidoleni, akasaini, akaisoma akiwa amesimama. Mara ya pili aliisoma ameegemea mkono wa sofa la mteja, maana ndani ya nyumba ile hapakuwa na kiti hata kimoja kilichokuwa chao.

Ndivyo zilivyo nyumba za mafundi. Mshona viatu hutembea na viatu vilivyotoboka, na nyumba ya fundi makochi ina makochi ya watu wote isipokuwa ya mwenyewe. Wiki hii familia ilikuwa ikinywea chai kwenye sofa la mwenye duka la dawa. Wiki iliyopita walikalia viti vya meneja wa benki, wakainuka navyo vikiwa bado na joto lao, vikapakiwa garini. Siku ambazo mizigo yote imechukuliwa walikula wamekaa sakafuni, wamenyoosha miguu.

"Inasemaje?" iliuliza sauti kutoka chumba cha ndani.

"Inasema tuko eneo la makazi."

"Si... tunakaa?"

"Tunakaa na kufanya kazi. Jirani kalalamikia nyundo. Sasa wanataka tuwe na kibali cha kazi ya nyumbani, na kazi isizidi robo ya nyumba. Ikizidi tuhamie kule eneo la viwanda vidogo. Ijumaa saa tatu wanakuja kupima."

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi na mkewe mwenyewe alimwita hivyo hivyo, aliyapanga maneno kwanza. Tangu kiharusi kimlaze, maneno yalimtoka moja moja, na upande wake wa kulia ulikuwa umekwenda zake. "Kule," alisema mwishowe, "nani... atanigeuza?"

Swali hilo ndilo lililokuwa limemkaa Mama Kochi kooni. Fundi alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asifanye vidonda, anyweshwe maji, asaidiwe haja. Eneo la viwanda vidogo lilikuwa ng'ambo ya mji. Akienda huko asubuhi, mume atashinda peke yake akitazama dari. Asipokwenda, kazi imekufa, na kazi ikifa hakuna dawa wala sabuni ya kufulia mashuka. Aliikunja barua mara nne akaitia kifuani, halafu akaitoa tena, kana kwamba humo ndani kungekuwa na maneno mengine.

Tena kulikuwa na jambo la pili ambalo hakulisema. Hakuwa amewahi kumaliza kiti bila Fundi. Mkono ulikufa lakini sikio lilibaki. Mlango wa chumba ukiwa wazi, Fundi alisikia msumari ukipinda, mkasi ukienda kinyume cha kitambaa, mkanda wa chini ya kiti ukivutwa nusu nusu na mtu aliyechoka. Angesema "toa huo," na mkewe angeutoa. Kwa mkono wa kushoto, umbo la kifungo amelibana magotini, alivika vifungo kitambaa, thelathini kwa siku. Hakuna kochi lililotoka mlango ule bila neno lake.

Wifi yake, dada wa Fundi, alifika jioni ile ile. Habari mbaya ilikuwa haijawahi kumpita. Alikaa, akaisoma barua akitembeza kidole, akacheka.

"Hii ndiyo inakunyima usingizi, wifi yangu? Robo ya nyumba. Makochi yako yamejaa sebule nzima, ndiyo maana inaonekana nyumba yote ni karakana. Yatawanye."

"Niyatawanye wapi?"

"Ndani. Mawili chumbani kwako, moja barazani, sofa upande wa pili wa sebule uliwekee vitambaa na picha. Kwani kiti kina jina la mtu usoni? Kiti kikiwa chumbani kwako ni chako. Huku mbele utabakiza meza ya kukatia na cherehani, uvute pazia katikati. Bwana kipimo akija anakuta karakana kama kiganja, na sebule ya watu wenye heshima zao."

"Unataka niidanganye halmashauri."

"Nani kasema kudanganya? Panga nyumba. Toka lini kupanga nyumba ikawa dhambi? Usafi tu huo, ambao kwa kweli ulikuwa umekushinda."

"Nyumba yangu ni safi."

"Nilikanyaga msumari humu mwezi uliopita, wifi. Sikusema kitu kwa sababu nimelelewa."

Mama Kochi alicheka bila kupenda. Kicheko hakikufika mbali.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuanza kuhamisha, alikwenda kwa jirani. Alijua ni nani aliyelalamika. Ukuta mmoja tu ulikuwa kati yao na mwalimu mstaafu, mtu wa magazeti na vidonge vya presha. Alimkuta uani anamwagilia mche wa mpapai kwa kikombe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Mimi sikukushtaki wewe, binti yangu. Nimeishtaki nyundo."

"Nyundo haijipigi yenyewe, mwalimu."

"Ndiyo maana barua wamekupa wewe." Alimwaga maji yaliyobaki, akamtazama bila chuki, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mumeo alipiga nyundo miaka yote ile, je, nililalamika? Yeye alipiga tatu, msumari umezama, kimya. Wewe unapiga saba. Mimi nahesabu. Ikifika ya tano nafikiri basi imekwisha, kumbe bado. Kichwa changu hakiwezi."

Mama Kochi aliangalia vidole vyake. Alitaka kumwambia kwamba mtu aliyeanza kushika nyundo akiwa na miaka arobaini na tatu hawezi kupiga tatu. Badala yake aliuliza kama mwalimu angeweza kuondoa lalamiko.

"Barua ikishaingia halmashauri haitoki. Nimefanya kazi serikalini, naijua serikali." Kisha, pengine kwa kutaka kumpoza, akaongeza, "Viti vyangu alivivika yeye. Mwaka wa kumi na mbili huu. Havijalegea hata kidogo."

Alirudi nyumbani bila kumwambia Fundi alikotoka. Fundi naye, ambaye ukuta ule haukumficha chochote, hakuuliza. Aliomba kopo la vifungo tu, akaanza kazi.

Siku mbili walizimaliza wakihamisha makochi. Viti viwili vya mwenye duka la dawa viliingia chumbani kwa Mama Kochi, vikabana hata kitanda kikafikiwa kwa kutembea upande upande kama kaa. Sofa lake lilivutwa hadi nyuma ya pazia. Wifi alilitandika vitambaa vya maua, akatundika juu yake picha ya harusi ya watu ambayo alikuja nayo mwenyewe.

"Hawa ni kina nani?" Mama Kochi aliuliza.

"Hata sijui, ilikuja na fremu. Lakini wamependeza."

Kiti kilichowasumbua kilikuwa cha daktari wa mifugo. Kilikuwa kimevuliwa hadi mifupa, na mikanda ya chini, ile inayobeba mtu, ilikuwa imeshikizwa tu. Kukificha hakukuwezekana, pembe zake ni kubwa. Mwishowe walikivika kitambaa chake cha zamani juu juu, wakakiweka pembeni ya sofa, na wakakubaliana kwamba Mama Kochi mwenyewe atasimama karibu nacho wakati wote, mgeni asipate nafasi ya kukikalia.

Ijumaa ilifika. Saa tatu hakuja mtu. Mama Kochi alikuwa ameoga mapema, amevaa gauni la kutokea, na hakuthubutu kushika nyundo mwalimu asije akapata la kuongeza. Alifagia, akafagia tena. Saa nne alimgeuza Fundi. Saa tano alikwenda dirishani, akarudi, akanyoosha kitambaa cha sofa ambacho kilikuwa kimenyooka. Mikono ilikuwa inamwasha kwa kukosa kazi. Siku tatu bila kupiga msumari. Daktari alikuwa amekwisha kumpigia simu mara mbili.

"Kaa basi, unanizungusha kichwa," alisema wifi.

"Nikae wapi? Nikikaa navunja mpango wako."

Saa sita alimgeuza Fundi tena. Fundi alikuwa na umbo la kifungo mkononi, anakaza kitambaa kwa jino. "Hawaji," alisema.

"Watakuja. Hao hawaji ukiwataka tu."

Alikuja saa nane kasoro, mtu mnene wa makamo, shati limelowa mgongoni, viatu vimeliwa upande mmoja. Alijitambulisha kuwa ni bwana mipango, akaomba radhi kwamba gari la ofisi limeharibika na tangu asubuhi anakwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Wifi alimkaribisha kwa maneno mengi mno. Alimsifia hata tepu ya kupimia.

Lakini mtu yule alijua kazi yake. Alipima nyumba nzima kwanza, chumba kwa chumba, akijipenyeza kati ya viti. Kwa mgonjwa alichungulia tu, akamwamkia, akapima kwa kusimama mlangoni. Kisha akapima upande wa mbele wa pazia, meza, cherehani, mafurushi ya sponji. Alijumlisha pembeni mwa karatasi akitikisa midomo.

"Nyumba ni mita za mraba sitini. Robo yake kumi na tano. Karakana ni kumi na nne na nusu." Akainua macho. "Umepona, mama. Kwa nusu mita."

Mama Kochi alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu Jumanne. Akaenda kuegemea meza. Hilo ndilo lilikuwa kosa, maana alikiacha kiti cha daktari. Bwana mipango, ambaye miguu ilikuwa inamwaka moto, aligeuka, akakiona kiti kikubwa kitupu, akajishusha.

Kiti kililia kidogo.

"Usi... usikae hapo," ilisema sauti ya ndani. "Hicho cha daktari. Mikanda haijavutwa. Utafika chini."

Wifi alifumba macho. Bwana mipango aliganda katikati, si kukaa si kusimama, makalio hewani, kisha akajiinua polepole akishika mkono wa sofa.

"Cha daktari?"

Mama Kochi alimtazama wifi yake, na wifi akaitazama picha ya harusi. Njia ya mwongo ni fupi, na yao ilikuwa imeishia hapo hapo sebuleni.

"Cha daktari wa mifugo," alisema. "Na sofa hili na vile viti vya chumbani ni vya mwenye duka la dawa. Vyote vya wateja. Tumevihamisha ili uone karakana ni ndogo. Nisamehe, baba. Nimehangaika."

Bwana mipango alipekua karatasi zake mbele na nyuma. "Fomu haina swali hilo," alisema.

"Swali gani?"

"La viti ni vya nani. Samani ndani ya nyumba ni samani. Mimi napima pale kazi inapofanyika. Mngeviacha vilipokuwa, jibu lingekuwa hili hili."

Wifi alianza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta, machozi yakamtoka, na Mama Kochi naye akacheka kwa uchovu, akifikiria siku mbili za kusukuma sofa. Hata bwana mipango alitabasamu. Kama angeondoka dakika ile, mambo yangeishia hapo.

"Lakini mzee amejuaje nakaa kiti gani?" aliuliza. "Yuko nyuma ya ukuta."

"Amesikia," Mama Kochi alijibu. Na kwa kuwa roho ilikuwa imemtulia, na kwa kuwa alijivunia mume wake, hakujizuia. "Huyo anasikia kila kitu. Msumari ukipinda anajua. Mkanda ukilegea anajua. Mimi ni mikono tu, fundi ni yeye. Hakuna kiti kinachotoka hapa bila yeye kukipitisha."

Tabasamu la bwana mipango lilififia. Aliingia chumba cha mgonjwa, safari hii hadi ndani. Mama Kochi alimfuata. Fundi alikuwa ameegemea mito, kopo la vifungo ubavuni, kimoja mkononi kimevikwa nusu.

"Kipengele cha tisa," alisema bwana mipango, sauti ikiwa chini. "Watu wanaofanya kazi hapa, na vyumba wanavyofanyia. Mzee akiwa fundi, chumba hiki nacho ni karakana. Ni mita kumi na mbili."

"Ishirini na sita na nusu," wifi alinong'ona mlangoni.

"Akiwa mgonjwa, chumba ni cha kulala." Aliiweka kalamu juu ya karatasi na hakuiondolea macho. "Mimi naandika ninachoambiwa. Sijasikia kitu kule sebuleni. Nauliza sasa."

"Mgonjwa huyo," wifi alidakia. "Mgonjwa kabisa, hebu tazama mguu."

"Namuuliza mwenye kuomba kibali, mama. Yeye ndiye anayesaini."

Mama Kochi alielewa. Mtu yule alikuwa anamfungulia mlango, na mlangoni amelala mumewe. Alimtazama Fundi, na Fundi alikuwa anamtazama yeye, jicho moja likiwa zito kidogo kama lilivyokuwa tangu kiharusi.

"Hafanyi kazi," alisema.

"Hasaidii hata kidogo?"

"Hasaidii."

"Tangu lini?"

"Tangu augue. Miaka miwili na miezi minne."

Kalamu ilikwenda. Kisha ikasimama. "Na vifungo hivi?"

Ng'ambo ya ukuta mwalimu alikuwa anakohoa. Mama Kochi aliangalia kile kifungo kilichovikwa nusu, kitambaa kimekunjwa pembeni vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza kwa mikono miwili, na bwana mipango akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Nampa achezee," alisema Mama Kochi. "Apitishe muda."

Alitamani ardhi ipasuke. Bwana mipango aliandika maneno mawili matatu, akamgeukia mgonjwa, kwa adabu, kama mtu anayemaliza sehemu mbaya ya kazi. "Mzee, umesikia. Ni kweli?"

Fundi alikirudisha kifungo koponi. "Kweli," alisema. "Nachezea."

Mama Kochi alisaini pale alipoonyeshwa. Alipewa nakala yenye mhuri, akaelezwa asiweke bango nje, asipige nyundo kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa kumi na mbili jioni. "Kibali ni cha mwaka mmoja," alisema bwana mipango akivaa kofia. "Mwakani tunarudi. Maswali ni haya haya."

"Yote?"

"Yote."

Wifi alimsindikiza hadi barabarani akimshukuru kwa niaba ya ukoo mzima, na kutoka huko akaenda kwake, amefurahi kweli kweli. Mama Kochi alivua gauni la kutokea. Aliondoa pazia, akaondoa picha ya watu wasiojulikana, akakilaza kiti cha daktari juu ya meza, miguu juu. Kazi ya siku tatu ilikuwa inamngoja. Alichukua mkanda wa kwanza, akauvuta, akauachia.

"Fundi," aliita. "Hii mikanda ya daktari, nipitishe mitano au sita? Mtu mwenyewe mzito."

"Muulize... mwenye kibali."

Aliuweka mkanda chini. Aliingia chumbani akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Aliona haya mbele ya mume wake wa ndoa ya miaka ishirini na moja, haya ambayo hakuwahi kuiona hata alipomwogesha mara ya kwanza.

"Nisamehe," alisema. "Lile la kuchezea halikuwa na ulazima. Ningeweza kusema neno lingine. Lilikuja hilo."

Fundi alitazama ukutani. Alipolia alilia upande mmoja tu wa uso, na mkewe alimfuta kwa ncha ya kanga, maana walikuwa wamekwisha kuzoea kufutana. Saa ya kugeuzwa ilifika, akamgeuza, akampanga mto mgongoni.

"Ulikawia," alisema Fundi.

"Wapi?"

"Kwenye vifungo. Alipouliza... ulikawia. Mpaka akainua macho." Alipumzika, akayatafuta maneno mengine. "Mwakani usikawie. Jibu upesi. Na usinitazame mimi, mtazame yeye. Ukinitazama mimi... utaharibu."

Alisema kwa sauti ile ile aliyomkosolea mishono.

"Ndiyo, Fundi," alisema Mama Kochi, akainuka kwenda kumletea maji ya kumezea dawa.